SOMO LA ROBO MWAKA: MTUMISHI ALIYECHOKA NA NJIA YA KUFANYWA UPYA

Masomo ya kusomwa kabla ya kikao: Hesabu 11:10-17, 1 Wafalme 19:1-18, Marko 6:30-34



Kwa kawaida ukurasa huu hufuata kazi zinazoendelea: visima, mizinga ya nyuki, vikundi vya kuweka na kukopa, shule za awali. Safari hii tumeona vema tuwatazame wanaozibeba kazi hizo. Mwinjilisti, mchungaji, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya mradi, mama kiongozi wa wanawake: hawa ndio ambao taarifa zetu huwataja kwa mstari mmoja, "kamati imesimamia", kisha zikaendelea kuhesabu mifuko ya saruji. Miongoni mwao wapo waliochoka. Hatuzungumzii uchovu wa siku moja unaoisha kwa kulala. Tunazungumzia mtumishi anayeongoza ibada huku moyo wake haupo, anayewaombea wengine lakini yeye mwenyewe hana neno la kumwambia Mungu.

Shamba ni pana

Anayeufahamu mkoa wa Katavi hatashangaa kusikia haya. Mkoa ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu zaidi ya 560,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.1. Yaani katika miaka kumi watu wamekuwa mara mbili. Wafugaji na wakulima kutoka mikoa mingine wamefungua vitongoji vipya Mpimbwe, Mlele na Tanganyika. Kila kitongoji kinapopata familia tano za Kilutheri kinaomba kuwa mtaa, na kila mtaa unahitaji mtu wa kusimama mbele siku ya Jumapili. Mara nyingi mtu huyo ni yule yule anayehudumu mitaa mingine mitatu.

Kutoka Mpanda mjini hadi Karema ziwani, au hadi Mishamo, ni zaidi ya kilomita 100. Masika yakishika, udongo mweusi wa mbugani hukamata tairi la pikipiki mpaka mtu anashuka na kusukuma. Mwinjilisti anayefanya kazi katika hali hiyo anahubiri, anafundisha kipaimara, anazika, anasuluhisha ndoa, anaandika majina ya wenye njaa. Na tangu miradi ilipofika, anatunza pia ufunguo wa kisima na kujaza fomu. Mahindi yake analima mwenyewe, maana posho hutegemea matoleo na matoleo hutegemea mavuno. Mwaka ambao mvua inakatika mapema, waumini wake wana shida zaidi na yeye ana chakula kidogo zaidi. Mambo hayo mawili huja pamoja kila mara.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa namna hii kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa kwa muda mrefu. Halikuuita ugonjwa. Lilitaja alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, au kuisema kazi kwa dharau, na mtu kuona kwamba hafanikishi kitu. Tukizipeleka alama hizo usharikani tutazitambua upesi. Mtumishi anarudia mahubiri ya mwaka jana. Anawasema waumini, "hawa watu hawasikii", kwa sauti ambayo hakuwa nayo zamani. Anachelewa vikaoni, au anavifuta. Nyumbani amekuwa mkali, au amekuwa kimya, na mke ndiye wa kwanza kujua. Wengine huonekana kinyume chake: wanazidisha kazi, mkesha juu ya mkesha, semina juu ya semina, kwa sababu wakitulia watausikia moyo wao. Hao wa pili ndio wagumu kuwaona, kwa kuwa tunawasifu.

Mungu alimlisha Eliya kwanza

Habari ya Eliya tunaifahamu, ila tumezoea kuhubiri sura ya 18, moto uliposhuka Karmeli, tukaipita haraka ile ya 19. Mtu aliyeshinda manabii wa Baali anakimbia tisho la mwanamke mmoja, anaketi chini ya mti jangwani na kuomba afe. Tuangalie Mungu alifanya nini, na kwa utaratibu gani. Hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, kisha akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, maana safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Baada ya hapo akatembea siku arobaini mpaka Horebu, na huko ndiko Mungu alikomwuliza swali: anafanya nini hapo?

Kwa hiyo swali lilikuja baada ya usingizi, chakula na muda. Sisi huanza na swali. Mtumishi akilegea tunamwita kikaoni na kumwuliza kwa nini taarifa haijafika, hali hatujui kama amekula.

Jambo jingine katika sura hiyo ni hesabu ya Eliya. Alisema amebaki peke yake, akalisema mara mbili. Mungu akamjulisha kwamba wako watu elfu saba. Uchovu huharibu hesabu ya mtu. Mzee wa kanisa aliyechoka atawaambia kwa uaminifu kabisa kwamba hakuna anayemsaidia, na pengine nje wapo vijana sita wanaosubiri kuombwa. Mungu alimpa Eliya kazi tatu za kufanya, na mojawapo ilikuwa kumtia mafuta Elisha awe nabii mahali pake. Kupumzishwa kwake kulihusu pia kumpata mtu wa kumkabidhi.

Musa naye, katika Hesabu 11, aliomba afe. Malalamiko yake yanasikitisha, nayo yana ukweli: hakuwachukua mimba watu hawa wote, kwa nini awabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto? Jibu la Mungu halikuwa maneno ya kumtia moyo tu. Alibadilisha muundo wa uongozi: wazee sabini wakawekwa, na roho iliyokuwa juu ya Musa ikawekwa juu yao pia. Lakini Yethro, mkwewe, alikuwa amemshauri jambo la namna hiyo mapema, katika Kutoka 18. Inaonekana ushauri wa mkwe ulihitaji kurudiwa, kama ilivyo kwetu sote.

Tuseme wazi jambo moja hapa. Manabii hawa wawili walitamka kwamba heri wafe. Mtumishi akitamka maneno hayo, kamati isiyachukue kama methali, wala isimjibu kwa kumtajia upungufu wa imani. Akae mtu naye, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa mganga wa hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo anayekosa usingizi wiki baada ya wiki, au ambaye hana hamu ya chakula wala ya watu. Inaweza kuwa sonona, inaweza kuwa shinikizo la damu, kisukari, au malaria ya kurudiarudia ambayo huku kwetu haina haya. Ugonjwa hutibiwa. Maombi yaende naye hospitalini, yasiwe kizuizi cha kumpeleka.

Watu watatu wa Gahini

Afrika Mashariki ina habari yake yenyewe ya watumishi waliochoka wakafanywa upya, na matunda yake yamefika hadi katika kanisa letu. Tunaieleza kwa urefu kidogo kwa sababu wengi huijua kama habari ya Uamsho, ya nyimbo na ushuhuda, bila kujua kwamba ilianza kwa uchovu.

Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Kianglikana, alikuwa Gahini, mashariki ya Rwanda, katika hospitali changa. Mwaka uliotangulia njaa kubwa ilikuwa imeanza sehemu hizo. Watu walikuja wakiwa mifupa, wengine wakafia njiani. Daktari huyo kijana alitibu, akatafuta chakula, akazika. Ilipofika Septemba 1929 alikuwa amekwisha, mwili na roho, akaenda Kampala kupumzika. Jumapili asubuhi katika kilima cha Namirembe alimkuta Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya, amesimama karibu na pikipiki yake. Walikuwa wamewahi kuonana kabla ya hapo. Wakazungumza, na ikadhihirika kwamba wote wawili walikuwa na kiu moja. Kwa siku mbili waliketi pamoja na Biblia zao, wakifuata mistari inayomhusu Roho Mtakatifu, wakaomba.

Tuangalie mambo mawili katika mkutano ule. Kwanza, daktari alikuwa ametoka kazini. Asingeketi siku mbili na Biblia pale Gahini, mstari wa wagonjwa ukiwa mlangoni. Pili, aliketi na mtu ambaye hakuwa chini yake wala juu yake. Mwaka 1929, Mzungu na Mwafrika kukaa kama wanafunzi wawili mbele ya kitabu kimoja lilikuwa jambo la nadra sana katika misheni. Kiongozi akizungukwa na watu wanaomtegemea tu, hana wa kumwambia kwamba amekauka.

Church alirudi Gahini mtu mwingine. Lakini si kila mtu alifurahi. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu pale hospitalini, alikuwa amechoka kwa namna yake: kazi nyingi, manung'uniko ya wafanyakazi, na daktari mwenye bidii inayochosha wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 naye alikwenda Kampala kwa Nsibambi. Alipoulizwa habari za hospitali akaeleza mabaya yote aliyoyaona. Nsibambi akamjibu kwamba chanzo cha shida kiko moyoni mwake Yosiya mwenyewe. Maneno hayo yalimchoma, na katika safari ya kurudi nyumbani yalifanya kazi yake. Aliporudi aliungama na kuanza upya. Baadaye akawa mchungaji.

Wa tatu ni Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mwalimu hapo hapo Gahini. Yeye alihuzunika kwa kuwa aliona anafanya kazi na haizai. Mwaka 1935 alijitenga kwa muda wa wiki moja hivi katika nyumba yake ndogo, akaomba. Alitoka huko na moto uliowagusa wengi, ingawa hakuishi sana baada yake. Alifariki Januari 1936.

Kutoka hapo Uamsho ulienea Uganda, Kenya, Burundi na Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulifika Bukoba na kuligusa kanisa la Kilutheri. Mmoja wa waliolelewa katika Uamsho huo ni Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi kuanzia mwaka 1964, kisha Rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo.

Tunapowaweka watatu hawa bega kwa bega tunaona kwamba hawakuwa na uchovu wa aina moja. Church alichoshwa na mzigo uliozidi mwili wa binadamu. Kinuka alichoshwa na uchungu moyoni dhidi ya wenzake. Kigozi alichoshwa na kazi isiyoonyesha matunda. Na kila mmoja alisaidiwa kwa namna yake: mmoja kwa mapumziko na ndugu wa kusoma naye, mmoja kwa kuambiwa ukweli mchungu, mmoja kwa upweke na maombi.

Hapa ndipo penye hatari, nasi tunaomba wajumbe walipime jambo hili kwa makini. Neno alilolipata Kinuka lilikuwa dawa kwa Kinuka. Mtu akilichukua na kumpa mwinjilisti ambaye hajala tangu jana, au mama mchungaji ambaye hajalala kwa kuuguza, anampiga aliyeanguka. Kuchoka si dhambi. Bwana Yesu mwenyewe alichoka akaketi kisimani (Yohana 4:6), akalala chomboni wakati wa dhoruba. Hata hivyo hatuwezi kulifuta neno la Nsibambi kabisa, kwa sababu upo uchovu unaotoka katika wivu, katika deni lililofichwa, katika fedha ya mradi iliyoguswa, katika ugomvi wa miaka mitatu na mzee mwenzako. Uchovu huo hauponi kwa likizo. Mtu atakwenda likizo na kurudi nao. Utaponya maungamo, na Katekisimo Ndogo imetuwekea mahali pake: kuungama mbele ya mchungaji na kupokea ondoleo kama kutoka kwa Mungu mwenyewe. Tunawafundisha watoto wa kipaimara sehemu hiyo, nao watu wazima hawaitumii.

Nani basi atajua huu ni uchovu gani? Anayemjua mtu. Nsibambi aliweza kumwambia Kinuka neno gumu kwa sababu Kinuka alisafiri mwenyewe kwenda kwake. Miaka mingi ya mwisho ya maisha yake Nsibambi alikaa zaidi nyumbani, na watumishi wakawa wanamwendea huko kwa ushauri. Kila jimbo lingehitaji nyumba kama hiyo, ya mzee mstaafu au mama wa imani, mtu asiyeandika taarifa kwa yeyote.

Kinyozi wa Luther

Baba yetu wa imani hakuwa mgeni katika hali hii. Januari 1530 Martin Luther alitangaza mimbarani kwamba amechoka na washarika wa Wittenberg wasiobadilika, na kwamba ataacha kuwahubiria. Miezi iliyofuata alihubiri mara chache sana. Mwaka huo huo alikaa miezi kadhaa katika ngome ya Coburg, na akiwa huko akapokea habari za kifo cha baba yake. Tunaandika haya kwa ajili ya mchungaji ambaye amewahi kutamani kusema hivyo mimbarani akadhani ni yeye wa kwanza.

Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu kidogo cha namna ya kuomba. Kinyozi huyo alikuwa amemwuliza mtu mwenye kazi aombe vipi. Luther haanzi na mtu mwenye moyo wa moto. Anaanza na yeye mwenyewe siku ambayo kazi na mawazo vimempoza hata hataki kuomba. Siku hiyo huchukua Zaburi yake, huenda chumbani, au kanisani kama kuna watu, akaanza kutamka kwa sauti Amri Kumi, Imani, na maneno ya Maandiko, kama mtoto anavyokariri. Moyo ukianza kupata joto ndipo anapoomba. Kila amri anaisokota nyuzi nne: inanifundisha nini, inanipa nini cha kushukuru, inanionyesha nini cha kutubu, na niombe nini.

Njia hii inamfaa mtumishi aliyechoka kuliko mkesha. Aliyekauka hana maneno yake mwenyewe, na kumdai maneno mapya ni kumwongezea kazi. Apewe maneno ya zamani aliyoyajua tangu akiwa mtoto. Dakika kumi alfajiri, amri moja, nyuzi nne, basi. Na siku ambayo hata hayo hayawezekani, ndugu mwingine amsomee. Makala za Schmalkalden za mwaka 1537 zinahesabu mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu kuwa mojawapo ya njia ambazo Injili hutujia. Ndugu wa Uamsho walilitenda jambo hilo chini ya miembe bila kuzitaja Makala hizo.

Tunaongeza neno moja kuhusu ushirika huo. Vikundi vya maombi ni baraka, ila vikiwa kila jioni, na mtumishi ndiye wa kufungua na kufunga kila kimoja, vimekuwa zamu nyingine ya kazi. Kikundi kinachomponya mtumishi ni kile ambacho yeye si kiongozi wake.

Yaliyo mikononi mwa kamati

Tumeliweka hili katikati ya watu wa kamati kwa makusudi, kwa sababu sehemu kubwa ya uchovu huu haitoki moyoni mwa mtumishi. Inatoka katika ratiba, na ratiba hupangwa na kikao.

Mtumishi anayefanya kazi Jumapili hana Sabato siku hiyo. Kamati impe siku nyingine, na itangazwe kanisani ili watu waijue. Sharika nyingi zitachagua Jumatatu. Msiba hauna siku, hilo tunalijua. Basi siku hiyo wazee wawili wapangwe kwa zamu waende kwanza, na mwinjilisti aitwe ikiwa ni mazishi yenyewe. Likizo ya mwaka iandikwe katika muhtasari wa kikao cha Januari, ikiwa na tarehe na jina la atakayeshika mitaa. Likizo isiyo na jina la mtu wa kushika haiendwi.

Posho nayo ni jambo la kiroho. Hatuwezi kumfundisha mtu kupumzika katika Bwana huku tumemwacha miezi minne bila kitu. Ikiwa fedha haipo, mnada wa mazao baada ya ibada ya mavuno utenge magunia ya nyumba ya mwinjilisti kabla mengine hayajauzwa, na mzee wa mtaa asimamie. Aidha, mwenzi wake aulizwe. Katika vikao vingi tulivyohudhuria, mke wa mwinjilisti hupika chai ya kikao wala haulizwi neno, ingawa yeye ndiye anayejua mumewe amelala saa ngapi. Na pale ambapo mtumishi ni mwanamke, kamati ikumbuke kwamba baada ya ibada na vikao kuna jiko, maji na watoto vinavyomngoja. Kupunguziwa vikao viwili kwake ni zaidi ya siku nzima ya mapumziko.

Halafu kuna kukabidhi, jambo ambalo wengi wetu tunaliogopa. Mkoa huu una mfano mzuri. Wakimbizi kutoka Burundi walipofika baada ya mauaji ya mwaka 1972, makazi ya Katumba, na baadaye Mishamo, yalisimamiwa kwa ushirikiano wa Serikali, UNHCR na TCRS, huduma ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Kilutheri Duniani. Mapori yalifyekwa, barabara, visima, shule na zahanati vikajengwa, watu wakaanza kujilisha. Tangu mwanzo lengo lilikuwa kukabidhi, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yamekabidhiwa kwa Serikali. Mengi yalikuwa bado hayajakamilika. Safari ya uraia wenyewe ilifika mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014 kwa watu wapatao 162,000 wa makazi ya zamani, pamoja na Ulyankulu huko Tabora. Kazi ilikabidhiwa ikiwa haijaisha, na ikaendelea kwa mikono mingine.

Mwenyekiti wa kamati ya maji aliyekaa miaka tisa kwa sababu "hakuna mwingine" anaweza kujifunza hapo. Achague mtu sasa, amtembeze kwenye pampu, ampe daftari la michango na ufunguo, abaki karibu kwa msimu mmoja, kisha aketi na wengine kama mjumbe.

Neno kwa marafiki wanaotuunga mkono

Tunawashukuru kwa dhati, na kwa kuwa ninyi ni ndugu tunasema bila kuzunguka. Andiko la mradi huwa na kasma ya saruji, ya mafuta ya gari na ya mafunzo. Huwa halina kasma ya siku tatu za ukimya kwa wainjilisti kumi, mahali penye chakula, bila kalamu na bila fomu ya tathmini. Gharama yake ni ndogo kuliko semina, kwa kuwa hakuna mtoa mada wa kulipwa. Tunaomba kasma hiyo ikubaliwe pale tutakapoiandika. Tunaomba pia tarehe za taarifa zisiangukie Juma Takatifu wala wiki ya Krismasi, na wageni wa ziara wasipokelewe Jumatatu. Mkija, muulizeni mwinjilisti habari za nyumbani kwake kabla ya habari za kisima. Atashangaa, kisha atawajibu.

Mtaweza kuuliza, matokeo ya siku tatu za ukimya yatapimwaje? Kwa namba, hatuna kipimo cha haraka. Kipo kipimo cha polepole: kwamba miaka mitatu baadaye mwinjilisti yule yule bado yuko mtaani kwake, na kwamba watoto wake hawalichukii kanisa.

Maswali ya kikao

Tunashauri swali la kwanza lijibiwe mtumishi akiwa hayupo, na mengine akiwepo. Mara ya mwisho mtumishi wetu alipumzika siku saba mfululizo ilikuwa lini, na nani alishika kazi yake? Katika kazi anazofanya wiki hii, zipi alizitumwa na kanisa, na zipi alizipokea kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyenyoosha mkono? Eliya alisema amebaki peke yake. Katika mtaa wetu wale elfu saba ni akina nani, kwa majina? Je, yuko mtu ambaye mtumishi wetu anaweza kumwendea bila kuogopa kwamba habari itafika kwa mkuu wa jimbo? Kama hayupo, kikao kisifungwe kabla ya kutaja watu wawili wa kuwaombea na kuwaomba, na katibu aandike nani atakwenda kuwaona, na siku gani.